Barua ya Wazi kwa Uongozi wa Jengo Letu: Umeme Unaoyumba Unaunguza Vifaa na Kuua Samaki

Kwa Meneja wa Jengo,
Nakala kwa Wamiliki,
Arusha.

Ndugu Meneja,

YAH: KUYUMBA KWA UMEME NDANI YA JENGO NA HASARA KWA WAPANGAJI WANAOFUGA SAMAKI WA MAPAMBO

Husika na mada iliyotajwa hapo juu.

Tunaandika hadharani kwa sababu njia ya faragha imefika mwisho. Barua tulizozileta ofisini kwako kwa mkono zilipokelewa na kugongwa muhuri, mazungumzo na fundi wa jengo yalifanyika ngazini na hayakuandikwa popote, na kikao cha wapangaji kilichoitishwa kwa ajili ya jambo hili hili kiliishia kwenye ajenda ya maegesho ya magari. Jibu pekee tulilopata, tena kwa mdomo, ni kwamba kila mwenye kifaa cha thamani anunue stabilaiza yake, yaani kifaa cha kusawazisha volti. Tumenunua. Vifaa vinaendelea kuungua na samaki wanaendelea kufa, na katika barua hii tunaeleza kwa nini stabilaiza haiwezi kuwa jibu la tatizo ambalo, kwa dalili tulizoziona, chanzo chake kimo ndani ya jengo.

Tunajua kwamba samaki wakitajwa katika malalamiko ya umeme, wapo watakaotabasamu. Tunaomba wasome kwanza. Familia kadhaa katika jengo hili zina matangi ya samaki sebuleni. Wengine wana samaki wa dhahabu, wengine gapi, na mimi nafuga sikilidi wa Ziwa Tanganyika, samaki wetu wenyewe, ambao wafanyabiashara wa Kigoma huwasafirisha hadi nje ya nchi. Ziwa lile lina zaidi ya spishi 200 za sikilidi, na nyingi kati ya hizo hazipatikani mahali pengine popote duniani. Maji yake ya juu hukaa kwenye nyuzijoto 25 au zaidi kidogo karibu mwaka mzima, yana alkali nyingi kiasi kwamba pH yake hukaribia 9, na huwa na oksijeni ya kutosha kwenye miamba ya kandokando wanakoishi samaki hao. Hali hiyo haiji yenyewe ndani ya tangi la kioo la lita 300 mjini Arusha, mji ulio mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako usiku wa Juni na Julai watu hulala na sweta. Inatengenezwa kwa umeme, saa 24 kila siku: hita ya kupasha maji joto, filta ya kuyasafisha, pampu ya kuingiza hewa, na taa.

Jokofu likizimika kwa muda wa saa mbili huku mlango wake umefungwa, nyama iliyo ndani haidhuriki. Tangi la samaki halina subira hiyo. Filta, kinyume na wengi wanavyodhani, kazi yake kubwa si kukusanya uchafu unaoonekana, bali ni kuwapa makazi bakteria wanaoishi kwenye sifongo na vigae vyake, ambao hugeuza amonia inayotolewa na samaki kuwa naitriti, kisha naitreti yenye madhara madogo zaidi. Bakteria hao wanahitaji maji yenye oksijeni yapite kati yao bila kukoma. Filta ya kopo lililofungwa ikisimama kwa saa kadhaa, oksijeni iliyomo hukwisha, bakteria huanza kufa, na umeme ukirudi maji yale yaliyovunda husukumwa moja kwa moja kwa samaki. Kwa wanaofuga samaki wa Tanganyika hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa sumu ya amonia hutegemea pH: kwenye maji ya pH 7 na nyuzijoto 25, chini ya asilimia 1 ya amonia yote iko katika hali ya sumu kali, lakini kwenye pH 9 zaidi ya theluthi moja huwa katika hali hiyo. Tuongeze kwamba kwa mwinuko wa Arusha maji hubeba oksijeni pungufu kwa takribani asilimia 15 kuliko maji ya joto lile lile yaliyoko Tanga au Dar es Salaam, hivyo pampu ya hewa ikinyamaza muda wa kuwaokoa samaki ni mfupi.

Baada ya maelezo hayo, malalamiko yetu ni haya yafuatayo.

1. Volti kwenye soketi zetu hazikai ndani ya kiwango.

Kiwango cha kimataifa cha IEC 60038 kinataja volti 230 kwa fezi moja (waya mmoja unaoleta umeme), na kinaruhusu tofauti ya asilimia 10 juu au chini, yaani kati ya volti 207 na 253 pale umeme unapoingia kwa mteja. Kipimo nilichokichomeka kwenye soketi ya sebuleni kwangu kimesoma 187 saa za jioni na 268 usiku wa siku hiyo hiyo. Wapangaji wenzangu waliochomeka vipimo vya aina hiyo wameona mambo yanayofanana na haya, ingawa si kwa saa zilezile, na jambo hilo la saa kutofautiana tutalirudia katika hoja ya pili kwa sababu lina maana kubwa.

Namba hizo zina matokeo. Nguvu ya hita hupanda na kushuka kwa mraba wa volti, kwa hiyo hita iliyoandikwa wati 200 ikipewa volti 187 hutoa wati 132 hivi, kiasi kisichotosha usiku wa baridi, na ikipewa volti 268 hutoa zaidi ya wati 270. Mtu atasema kwamba hita ina kidhibiti joto kinachoizima maji yakifikia kiwango. Ni kweli, lakini vidhibiti vya hita nyingi za bei ya kawaida ni vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana, na kila vinapoachana chini ya mkondo mkubwa kuliko vilivyotengenezewa hutoa cheche. Cheche hizo zikirudiarudia, siku moja vipande huungana moja kwa moja na hita haizimiki tena. Tangi la mpangaji mmoja wa ghorofa ya pili lilikutwa asubuhi na nyuzijoto 34 kwa njia hiyo, na hakuna samaki hata mmoja aliyesalimika.

Pampu ya filta nayo ina sumaku inayozunguka kwa kufuata mapigo 50 ya umeme kwa sekunde. Umeme ukiwa mdogo mno, sumaku hiyo hukosa nguvu ya kuanza kuzunguka, hubaki ikitetemeka na kugongagonga mahali pamoja, huku koili yake ikipata moto bila maji kupita kuipoza. Pampu ya hewa inayotumia mpira unaopigwapigwa na sumaku hupasuka mpira wake umeme ukizidi, na hukosa nguvu ya kusukuma hewa hadi chini ya tangi umeme ukipungua. Taa za LED ndizo zinazotoa ushahidi ulio wazi kuliko vyote: adapta zake nyingi zimeandikwa volti 100 hadi 240, maana yake umeme mdogo hauzidhuru kabisa. Adapta ya namna hiyo ikiungua, mshukiwa wa kwanza ni umeme uliozidi. Katika jengo hili zimeungua nyingi, na si za matangi tu, bali na za televisheni, za ruta na za kuchajia simu. Kwa hiyo ile kauli tuliyozoea kuisikia, kwamba "umeme wa hapa ni mdogo tu", haielezi hata nusu ya tatizo.

2. Dalili zote zinaonyesha kwamba nyutro ya jengo, yaani waya wa kurudishia umeme, imelegea.

Hii ndiyo hoja kubwa ya barua hii, na tunaomba wamiliki waisome kwa utulivu.

Jengo letu linapokea umeme wa fezi tatu. Kati ya fezi na fezi kuna volti 400, na kati ya kila fezi na nyutro kuna volti 230. Kila nyumba imeunganishwa kwenye fezi moja na nyutro ambayo wote tunaishirikisha. Nyutro ikiwa imekazwa vizuri, kila fezi hubaki na volti zake bila kujali jirani anawasha nini. Nyutro ikilegea, ikiungua kwenye kifungio, au ikikatika, nyumba zilizoko kwenye fezi mbalimbali hujikuta zimeunganishwa zenyewe kwa zenyewe kupitia waya huo ulioning'inia, na volti 400 zinagawanywa kati yao kulingana na mzigo wa kila upande. Upande wenye mzigo mkubwa, mathalani wenye majiko ya umeme na pasi, hupata volti chache. Upande wenye mzigo mdogo, pengine wenye tangi la samaki na taa mbili tu, husukumiwa volti 270, 300, na ikikatika kabisa zinaweza kukaribia 400.

Dalili yake inafahamika kwa kila fundi umeme aliyefanya kazi kwenye majengo ya ghorofa: taa za nyumba moja hufifia wakati uleule ambapo taa za nyumba nyingine zinang'aa kupita kawaida. Sisi tumeiona dalili hiyo, tukipigiana simu kutoka ghorofa moja hadi nyingine kuthibitisha. Mpangaji wa ghorofa ya nne akichomeka pasi, taa zake zinapungua, na kipimo changu kinapanda. Kama tatizo lingekuwa la shirika la umeme kutuletea umeme mdogo au mkubwa, fezi nzima ingeshuka au kupanda kuanzia nje, na pasi ya jirani isingenipandishia volti mimi. Ndiyo maana pia saa za hasara zinatofautiana kati ya nyumba na nyumba.

Tunalisisitiza jambo hili kwa sababu nyutro iliyolegea haiui samaki peke yao. Kifungio kilicholegea hupata joto, na joto hilo ndani ya bodi kuu, yaani sanduku la kugawia umeme wa jengo, ni chanzo cha moto. Tena, baadhi ya sakiti breka za kukata umeme unaovuja, zile za miliampia 30 ambazo kila mwenye tangi la maji karibu na soketi anapaswa kuwa nazo, huhitaji nyutro ili saketi yake ya ndani ifanye kazi. Nyutro ikipotea, breka hiyo inaweza isikate siku ambayo mtu ameingiza mkono ndani ya maji na hita imepasuka. Watoto wanalisha samaki katika nyumba hizi.

3. Namna jenereta linavyowashwa na kuzimwa.

Tunashukuru kwamba jengo lina jenereta na hatulalamiki kuhusu mchango wa mafuta tunaolipa ndani ya gharama za huduma. Tunalalamika kuhusu mkono unaoliendesha. Umeme ukikatika, mlinzi hushuka, huliwasha, na papo hapo huvuta swichi ya kuhamishia mzigo kabla injini haijatulia na kabla ya kutazama mita iliyoko kwenye paneli. Injini ya baridi iliyobebeshwa jengo zima kwa mpigo hupungua kasi, kisha hujirekebisha kwa kuruka juu, na sisi tunaupokea mruko huo kwenye soketi. Wakati wa kuzima ni vibaya zaidi. Mara nyingi jenereta halizimwi, linaachwa likaishiwa mafuta huku limebeba mzigo, likikohoa, volti zikianguka na mapigo yakishuka chini ya 50, hali inayozifanya pampu za filta zipunguze kasi, zigugumie na nyingine zikwame. Kisha kunakuwa giza, na umeme wa shirika unaporudi hurudishwa kwa jengo lote kwa mkupuo.

Utaratibu sahihi hauhitaji fedha. Jenereta liwashwe bila mzigo, liachwe dakika mbili au tatu, mita isomwe kuona kama volti ziko 230 na mapigo 50, ndipo swichi ihamishwe. Na wakati wa kurudi, mzigo uondolewe kwanza, injini ipoe ikizunguka bure, ndipo izimwe. Karatasi moja yenye maelezo hayo ikibandikwa kwenye mlango wa chumba cha jenereta ingetuondolea sehemu kubwa ya kero hii.

4. Pampu ya kisima.

Mota inayowashwa moja kwa moja huvuta mkondo mara tano hadi saba ya ule wa kawaida kwa muda mfupi wa kuanza. Pampu ya kisima cha jengo huwashwa na kuzimwa na boya la tenki la juu, jioni watu wanapooga huwaka kila baada ya muda mfupi, na kila inapowaka taa za upande wetu zinakonyeza. Kama imewekwa kwenye fezi moja, ihamishiwe kwenye fezi yenye mzigo mdogo. Kama ni ya fezi tatu, iwekewe kianzishi cha taratibu. Boya nalo lirekebishwe ili tenki lijae kwa vipindi virefu, si kwa vijisehemu.

5. Chumba cha umeme kimefungwa na hakuna kumbukumbu yoyote.

Tumeomba kuona taarifa ya ukaguzi wa mwisho wa mfumo wa umeme wa jengo. Hatukuonyeshwa. Tulileta fundi wetu, mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, ili apime volti za fezi zote tatu pale umeme unapoingia. Akaambiwa ufunguo hauko. Hatudai kwamba kuna jambo linalofichwa, lakini wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na kwenye umeme huwaumbua hata wasiohusika.

Sasa tujibu hoja ambazo tumeshapewa, na nyingine tunazotarajia kupewa.

Imesemwa kwamba kila mpangaji anunue stabilaiza. Wengi wetu tunazo, na tunaeleza kwa uzoefu zinavyofanya kazi. Stabilaiza ya kawaida ya rilei (swichi inayojiendesha kwa umeme) hupandisha au kushusha volti kwa hatua, na ina mipaka yake. Umeme ukivuka mpaka, hukata. Kile kikinga jokofu kinachouzwa kila duka la vifaa vya umeme nacho hukata, kisha husubiri dakika kadhaa kabla ya kurudisha. Kwa jokofu huo ni ulinzi kamili. Kwa tangi la samaki ni nusu ya ulinzi, kwa sababu kifaa kinachookoa pampu kwa kuizima kinawaacha samaki bila hewa na bakteria bila oksijeni, na kadiri umeme unavyoyumba mara nyingi ndivyo kinavyozima mara nyingi. Usiku mbaya, filta yangu huwa imesimama muda mwingi kuliko ambavyo ingesimama kwa kukatika umeme kwa kawaida, na imesimama kwa sababu ya ulinzi wenyewe. Hatuwezi kununua kifaa cha kutuondoa katika mtego huo tukiwa ndani ya nyumba zetu. Anayeweza kuufungua ni mwenye ufunguo wa bodi kuu.

Wapo waliotushauri zile soketi ndefu zenye kinga ya mruko wa umeme. Ndani yake kuna varista, ambazo kazi yake ni kumeza mruko wa sehemu ndogo sana ya sekunde, kama unaosababishwa na radi. Varista za kawaida zimetengenezwa kuvumilia volti 275 kwa mfululizo. Zikikalishwa kwenye volti 300 kwa dakika kadhaa hupata moto na kuungua zenyewe. Mmoja wetu ana soketi ya namna hiyo iliyoyeyuka upande mmoja, na yuko tayari kuileta ofisini.

Imesemwa pia kwamba tatizo ni la shirika la umeme. Inawezekana lipo la shirika pia, na hatulikanushi bila kupima. Lakini kupima ni jambo rahisi: vipimo viwili visomwe kwa wakati mmoja, kimoja pale umeme unapoingia kwenye jengo na kingine kwenye nyumba inayolalamika. Fezi zikiwa sawa pale mlangoni na zikatofautiana huku juu, kosa liko ndani ya jengo. Zikitofautiana kuanzia mlangoni, tutasaini sote barua ya malalamiko kwa shirika na tutaifuatilia wenyewe. Ile hoja kwamba chanzo ni mgao wa umeme ndiyo isiyofaa kabisa hapa. Tangu mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, ianze kuwashwa mwaka 2024, uzalishaji si kisingizio cha kwanza tena, na hata wakati wa mgao wenyewe, upungufu wa uzalishaji haumpi mtu volti 268.

Imesemwa kwamba vifaa vyetu ni vya bei rahisi. Vingine ni vya bei rahisi, ndiyo. Hata hivyo, pampu na hita za aina ileile, zilizonunuliwa duka lilelile, zinafanya kazi miaka kwa miaka katika nyumba za rafiki zetu wa Njiro na Sakina, hapa hapa Arusha.

Hatimaye ipo hoja isiyosemwa wazi, kwamba samaki ni starehe ya wachache na jengo haliwezi kuendeshwa kwa ajili yao. Tunaikubali sehemu ya kwanza, ni starehe. Lakini tangi la samaki ni mojawapo ya vitu vichache sana ndani ya nyumba ambavyo havizimwi mchana wala usiku, ndiyo maana huumia kwanza na huonekana kwanza. Wapo katika jengo hili wanaotunza dawa kwenye jokofu, na yupo mama anayeuza barafu na juisi kutoka kwenye friza yake. Wote wanatumia nyutro ileile.

Kwa upande wetu hatukukaa tukisubiri. Tumegawanya hita, wati 100 mbili badala ya wati 200 moja, ili moja ikigoma kuzimika isiweze kuyachemsha maji peke yake. Tumeweka pampu za hewa za betri zinazowaka zenyewe umeme unapokatika. Kila waya unaotoka kwenye tangi tumeuning'iniza kwa kitanzi kilicho chini ya usawa wa soketi, ili tone la maji likitiririka liangukie sakafuni na si ndani ya soketi. Wenye inveta, yaani vifaa vya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa soketi, tumeshauriana kutochomeka pampu za filta kwenye zile zenye umeme wa mawimbi ya mraba, kwa kuwa koili hunguruma na kupata moto, bali kutafuta zenye mawimbi laini. Hayo ndiyo yaliyo ndani ya uwezo wa mpangaji.

Yaliyo ndani ya uwezo wenu, na ambayo tunayaomba, ni haya. Tunaomba kwanza kabisa, kabla ya jambo lingine lolote na ndani ya siku 14 tangu tarehe ya barua hii, fundi mwenye leseni afungue bodi kuu na bodi za kila ghorofa, azime umeme kwa tangazo, akaze vifungio vyote vya nyutro na fezi, abadilishe vilivyoungua, apime mgawanyo wa mzigo kati ya fezi tatu na kuusawazisha. Taarifa yake ya maandishi ibandikwe kwenye ubao wa matangazo na isitolewe kwa mdomo. Tangazo la kuzima litoke angalau siku moja kabla, ili wenye matangi tuchaji betri zetu na tuache kuwalisha samaki siku hiyo, kwani samaki asiyekula hutoa amonia kidogo.

Baada ya hapo tunaomba kwenye bodi kuu ifungwe rilei ya kuangalia volti za fezi tatu, inayokata pale nyutro inapopotea au volti zinapovuka mpaka. Bei yake haifiki bei ya jokofu moja dogo. Pamoja nayo iwekwe kinga ya radi ya jengo zima, kwa kuwa masika ya Arusha huja na ngurumo. Tunafahamu kwamba rilei hiyo nayo itakuwa inakata, na tumeshaeleza kuwa kukatwa kuna madhara kwetu. Lakini nyutro ikishakazwa itakata kwa nadra, na kukatwa mara chache kwa jengo zima kunavumilika kuliko kila nyumba kukatwa mara nyingi kila usiku.

Tunaomba pia utaratibu wa jenereta uandikwe, mlinzi wa kila zamu aelekezwe, na kiwango cha mafuta kiangaliwe kabla ya usiku. Pampu ya kisima ishughulikiwe katika ukaguzi huohuo, fundi akiwa tayari yuko kazini.

Kuhusu fidia ya vifaa vilivyokwisha kuungua, hatuiweki kama sharti la kuanza kazi. Tumeandaa orodha ya vifaa hivyo, na tutaiwasilisha kwa wamiliki baada ya taarifa ya fundi kutoka, ili mazungumzo yafanyike juu ya ushahidi. Endapo siku 14 zitapita bila ukaguzi, tutampeleka fundi wetu kupima kwenye nyumba zote zitakazoridhia, tutakusanya vipimo vyake, na tutaviwasilisha pamoja na barua hii kwa EWURA, tukiomba ukaguzi wa usalama wa jengo.

Ndugu Meneja, wapangaji watatu wako tayari kukutana nawe jioni yoyote ya wiki hii, na kipimo cha volti tutakuja nacho. Tunachoomba siku hiyo ni ufunguo wa chumba cha umeme tu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mpangaji wa ghorofa ya tatu,
kwa niaba ya wapangaji wanaofuga samaki.

Nakala:
Kamati ya Wapangaji
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa